Mishahara ya Wachezaji: Yafaa Iwekewe Kikomo?

Kila mwenye nyumba anajua ya kuwa matumizi yasiyo na mpaka huangusha hata boma la tajiri. Mama anayekwenda sokoni Kamembe na faranga zake chache hupima kwanza: mchele wa Bugarama kiasi gani, sambaza kiasi gani, sabuni kiasi gani, na kinachobaki huwekwa kwa ada ya shule. Hapana mama mwenye busara anayemwahidi mwuza nyama fedha ambazo hazijaingia nyumbani, kwa tumaini kwamba huenda jirani akamsaidia mwisho wa mwezi.

Lakini jambo hilo ambalo katika nyumba tungelihesabu kuwa ni upungufu wa akili, katika kandanda limekuwa desturi. Klabu husajili wachezaji mwanzoni mwa msimu kwa ahadi nono, nusu ya msimu mishahara huanza kuchelewa, na mwisho wa msimu kila mtu hulaumu mwenzake. Kwa hiyo watu kadhaa, wakiwa barazani na hata maofisini, wameanza kuuliza swali ambalo kwa muda mrefu limeulizwa katika nchi za mbali: je, haingefaa mishahara ya wachezaji iwekewe kikomo kwa amri ya chama cha mchezo?

Swali hili si la wapenda mpira peke yao. Linamhusu mlipa kodi, kwa kuwa timu nyingi za Rwanda zinategemea fedha za wilaya. Linamhusu mzazi, kwa kuwa vijana wengi wanautazama mpira kama kazi ya kuwalisha. Aidha linamhusu mwenye duka na mwenye nyumba ya kupangisha, maana mshahara wa mchezaji usipotoka, daftari la madeni ndilo linalonenepa.

Kikomo cha mishahara ni nini?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maana. Kikomo cha mishahara, kama kinavyotumika katika michezo ya kulipwa huko Marekani, aghalabu si amri inayosema kwamba mchezaji fulani asilipwe zaidi ya kiasi fulani. Ni mpaka unaowekwa juu ya jumla ya fedha ambazo timu moja inaweza kutumia kwa mishahara ya wachezaji wake wote kwa mwaka mmoja. Ndani ya mpaka huo, timu yaweza kumlipa mmoja fedha nyingi na wengine kidogo, au kuwagawia wote karibu sawa. Ni kama mfuko wa nyumba: mfuko ni mmoja, ununuzi ni shauri la mwenye nyumba.

Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilianza kutumia kikomo cha namna hii katika msimu wa 1984/85, na wakati huo kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 3.6. Ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, ilifuata mwaka 1994 kwa kikomo kikali cha dola milioni 34.6. Ligi ya mpira wa magongo wa barafuni, NHL, ilipata kikomo chake mwaka 2005, lakini kwa gharama kubwa: wenye timu waliwafungia wachezaji milango, na msimu mzima wa 2004/05 ukapotea bila mchezo hata mmoja.

Mchezo mmoja tu mkubwa wa Wamarekani ulikataa. Nao ni besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira mdogo na kuupiga kwa gongo. Huku kwetu wachache wanaujua, ingawa hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Watoto wa Lugazi, nchini Uganda, walikwenda Marekani mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya mchezo huo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walitia saini mkataba na Los Angeles Dodgers, mojawapo ya timu tajiri kupita zote duniani. Kwa hiyo shauri la besiboli linaingia hata katika nyumba za Afrika Mashariki.

Mgomo wa mwaka 1994

Wenye timu za besiboli walitaka kikomo mwaka 1994. Walisema timu za miji midogo hazina uwezo wa kushindana na timu za miji kama New York, zenye mapato makubwa ya televisheni. Wachezaji, ambao chama chao ni miongoni mwa vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu sana huko, walijibu kwamba wenye timu wanataka kuwapunja, kisha wakijaze mifuko yao kwa jina la usawa. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji waliweka chini magongo. Mgomo ulidumu siku 232. Fainali kuu ya mwaka huo ilifutwa, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1904. Ulikwisha tu baada ya jaji wa New York, Sonia Sotomayor, kutoa amri mwishoni mwa Machi 1995 ya kuwarudisha wenye timu kwenye masharti ya zamani. Jaji huyo baadaye aliingia katika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani.

Badala ya kikomo, besiboli ilichagua kodi. Timu inayovuka kiwango kilichowekwa hairudishwi nyuma, bali hulipa faini inayozidi kadiri inavyoendelea kuvuka. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 241. Dodgers walikivuka mbali kabisa, na wakati huohuo zilikuwapo timu ambazo mishahara yao yote haikufika theluthi ya ile ya Dodgers. Mjapani Shohei Ohtani alikuwa ametia saini kwao, Desemba 2023, mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Mwaka mmoja baadaye Juan Soto alipata milioni 765 kwa miaka 15 kutoka New York Mets. Dodgers wakachukua ubingwa mwaka 2024 na tena 2025. Kelele za kutaka kikomo zikafufuka, hasa kwa kuwa mkataba wa kazi uliofungwa Machi 2022 kati ya wenye timu na wachezaji uliwekewa mwisho wa tarehe 1 Desemba 2026.

Je, kikomo huleta usawa?

Hapa inatupasa tuwe waangalifu, maana jambo linalosemwa sana si lazima liwe kweli. Watetezi wa kikomo husema: wekeni mpaka, na kila timu itapata zamu yake ya kushinda. Tuyatazame matokeo.

Besiboli, isiyo na kikomo, ilikaa tangu New York Yankees waliposhinda mara tatu mfululizo, 1998 hadi 2000, mpaka Dodgers wa 2025, bila timu yoyote kuutetea ubingwa wake kwa mafanikio. Katika muda huo timu ya mji usio mkubwa, Kansas City Royals, ilichukua ubingwa mwaka 2015. Kwa upande mwingine, NFL yenye kikomo kikali iliwaona New England Patriots wakitwaa ubingwa mara sita kati ya msimu wa 2001 na ule wa 2018. NBA nayo iliwaona Golden State Warriors wakishinda 2015, 2017, 2018 na 2022. Ni dhahiri basi kwamba kikomo peke yake si dawa ya usawa. Mwalimu bora, jicho la kuchagua vijana, na utaratibu mzuri wa ofisi huweza kumpita mwenye fedha, na huweza vilevile kujenga utawala wa timu moja chini ya kikomo.

Kilicholeta uhai katika NFL ni jambo jingine ambalo halitajwi sana: mapato ya televisheni ya taifa hugawanywa sawasawa kwa timu zote. Timu ya mji mdogo wa Green Bay hupata fungu lilelile linalopata timu ya New York. Kikomo kiliwekwa juu ya mapato yaliyokwisha kugawanywa, na pamoja nacho kikawekwa kima cha chini ambacho kila timu ni lazima itumie. Mwenye kuchukua kikomo akaacha mgawo, amechukua mfuniko akaacha chungu.

Hali ya kwetu na ya majirani

Sasa turudi nyumbani. Tangu ligi yetu ilipoanza tena baada ya 1994, ubingwa wa Rwanda kuanzia 1995 hadi 2025 umekwenda kwa majina matatu tu: APR, Rayon Sports, na ATRACO. ATRACO, timu iliyotokana na chama cha wenye magari ya abiria, ilishinda mara moja tu, mwaka 2008, ikachukua na Kombe la Kagame mwaka 2009, lakini haikudumu baada ya hapo. APR, timu ya jeshi iliyoundwa 1993, ilitwaa ubingwa kila msimu kuanzia 2020 hadi 2025, mara sita mfululizo. Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1968 na kubebwa na mashabiki wake, iliupata mara ya mwisho kabla ya hapo mwaka 2019.

Tanzania nako, tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ichukue ubingwa mwaka 1999 na 2000, timu ya pekee iliyopenya kati ya Simba na Yanga hadi 2025 ni Azam, mwaka 2014. Azam ni mali ya kampuni kubwa. Katika Kongo, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipanda kwa fedha za Moïse Katumbi hadi ikacheza fainali ya dunia ya klabu mwaka 2010 dhidi ya Inter ya Milano. Kila mahali hadithi ni moja: nyuma ya timu kubwa pana jeshi, kampuni, tajiri, au umati wa mashabiki.

Timu ya Rusizi ni Espoir, jina ambalo maana yake ni Tumaini. Wenyeji wanaikumbuka fainali ya Kombe la Amani ya mwaka 2017, ilipofungwa na APR bao moja kwa bila. Uwanja wa Kamarampaka ulikuwa na shangwe siku zile. Lakini mwisho wa msimu wa 2022/23 timu iliteremka daraja. Hatusemi kwamba fedha ndizo pekee zilizoishusha. Mpira una mambo mengi. Tunasema tu kwamba timu ya wilaya ya mpakani, ambayo mlezi wake mkuu ni bajeti ya wilaya, haipandi mlima uleule na timu yenye wizara au kampuni nyuma yake.

Hata hivyo tukumbuke ya kuwa bajeti ya wilaya ni mfuko mmoja wenye mikono mingi. Mkono mmoja unataka maji ya bomba, wa pili unataka madarasa, wa tatu unataka barabara ya kupitishia chai ya Shagasha, na wa nne unataka mshambuliaji mpya. Sisemi timu isisaidiwe. Timu huwaunganisha watu, huwapa vijana shughuli, na hulitangaza jina la mahali. Lakini fedha za wananchi zina heshima yake, na mwananchi ana haki ya kujua ni kiasi gani kimekwenda kwenye kiatu cha mpira.

Tofauti tatu kati yetu na Wamarekani

Mwenye kutaka kuazima kikomo cha Marekani ni lazima azione tofauti hizi tatu.

Ya kwanza ni hii: ugomvi wa Marekani ni ugomvi wa kugawana ziada. Mapato ni mengi, na swali ni nani achukue zaidi, mwenye timu au mchezaji. Mwaka 2025 mchezaji mdogo kabisa kwa mshahara katika ligi kuu ya besiboli alihakikishiwa dola 760,000 kwa mwaka. Kwetu hakuna ziada ya kugombania. Ugomvi wetu ni wa ahadi isiyo na fedha. Kikomo hakimsaidii mtu ambaye hata hicho kidogo alichoahidiwa hakukipata.

Ya pili ni kwamba ligi za Marekani hazina kuteremka daraja. Timu thelathini za besiboli, hata ikishindwa namna gani, mwakani imo. Kwetu timu tatu zikikaribia shimo, kila moja hutupa fedha isizokuwa nazo ili isitumbukie, kama mtu anayezama anavyoshika kila kijiti. Hofu hiyo ya kuteremka huzaa madeni mengi kuliko tamaa ya ubingwa.

Ya tatu ni mipaka. Mchezaji bora wa besiboli hana pengine pa kwenda penye fedha zaidi. Mchezaji wetu bora anapo pengi. Mto Rusizi una daraja, na ng'ambo yake ni Bukavu. Dar es Salaam ina Simba na Yanga, nao wana udhamini mkubwa: mwaka 2021 shirikisho la Tanzania lilifunga na Azam Media mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Matunda yalionekana. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikaifikia ya 2025. Tukijiwekea kikomo kikali peke yetu, tutakuwa tumewafungulia vijana wetu mlango wa nje na kuwasindikiza.

Tena wako wenzetu wanaosema kwa haki kwamba mabingwa wetu wanahitaji nguvu zaidi, wala si pungufu. APR iliondolewa katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Pyramids ya Misri mwaka 2023, ikaondolewa na haohao 2024, na tena 2025. Klabu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, tangu 2012, ilikuwa ikichezesha Wanyarwanda watupu, ikaacha mpango huo mwaka 2023. Je, ukiifunga kamba miguuni, utaipeleka vipi Cairo?

Waingereza walijaribu zamani

Pana fundisho la zamani ambalo halipaswi kusahauliwa. Uingereza iliwahi kuweka kikomo cha mshahara wa kila mchezaji, na si cha timu. Mwaka 1901 kilikuwa pauni 4 kwa juma. Kilipanda polepole, na kilipoondolewa Januari 1961 kilikuwa pauni 20 tu, ingawa viwanja vilijaa makumi ya maelfu ya watu kila Jumamosi. Fedha ya mlangoni ilikwenda wapi? Hakika si kwa wachezaji. Wengi walimaliza mpira wakiwa maskini, na baadhi ya klabu zilizoea kuwapenyezea nyota wao bahasha za siri. Chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kilitishia mgomo, sheria ikaanguka, na muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa juma.

Waingereza walijaribu tena Agosti 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kwa klabu za daraja la tatu na la nne: pauni milioni 2.5 na milioni 1.5. Chama cha wachezaji kilipeleka shauri kwa wasuluhishi, kikashinda Februari 2021, kwa kuwa hakikushirikishwa inavyostahili. Fundisho ni mawili. Kikomo kisicho cha haki huzaa bahasha ya siri; na kikomo kisichokubaliwa na wachezaji hakisimami.

Wahispania walichukua njia tofauti. Tangu 2013 ligi yao huitazama kila klabu kwa mapato yake yenyewe: unaingiza kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, basi hiki ndicho uwezacho kutumia. Mwenye mapato makubwa hutumia kikubwa, mwenye madogo hutumia kidogo, lakini hakuna anayeruhusiwa kutumia ya kesho. Sheria hiyo haikumhurumia hata Lionel Messi. Agosti 2021 Barcelona ilishindwa kumwandikisha, naye akaondoka akilia. Chama cha Ulaya nacho kilifuata mwendo huo: gharama za wachezaji zisizidi sehemu 90 katika mia ya mapato, zikashushwa hadi 80, na kuanzia msimu wa 2025/26 hadi 70.

Dawa inayotufaa

Kwa maoni yangu, basi, jibu la swali letu si ndiyo wala si hapana ya moja kwa moja. Kikomo cha aina ya NFL, yaani kiwango kimoja kwa timu zote, hakitufai. Kitaipunguza nguvu timu ya juu mbele ya Waafrika wenzake, na hakitaiongezea Espoir hata faranga moja. Lakini mpaka wa aina ya Wahispania unatufaa sana, tena umechelewa. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila klabu ioneshe kwa maandishi kabla ya msimu mapato yake yaliyo ya hakika, na mishahara isizidi sehemu iliyokubaliwa ya mapato hayo. Ahadi ya mdomo ya mdhamini isihesabiwe kuwa ni mapato. Ahadi ni deni, lakini deni halinunui unga.

Pili, klabu iweke dhamana benki, tuseme ya mishahara ya miezi miwili au mitatu, kabla haijaruhusiwa kusajili. Mwezi ukipita bila malipo, shirikisho litoe katika dhamana hiyo. Klabu ikishindwa kuirudishia, isisajili tena. Sheria ndogo namna hii itafanya kazi kuliko hotuba mia.

Tatu, wilaya inapoitegemeza timu, kikomo kiwe juu ya mchango wa wananchi. Halmashauri iamue kiasi mapema, ikitangaze, na isiongeze katikati ya msimu kwa sababu ya hofu ya kuteremka. Na fungu la mchango huo lielekezwe kwa lazima kwenye timu za watoto na za wasichana. Mchezaji aliyekuzwa hapahapa hahitaji ada ya usajili, na siku akiuzwa huleta fedha nyumbani.

Nne, mapato ya ligi yatokanayo na matangazo na udhamini yagawiwe kwa namna ambayo timu ya mwisho haiachwi na makombo. Hili ndilo lililo karibu zaidi na usawa wa kweli, kama tulivyoona katika mfano wa Green Bay.

Watakuwapo watakaosema kwamba sheria hizi zitaziua timu ndogo. Nawajibu kwamba timu inayoishi kwa kutowalipa wafanyakazi wake haiishi. Inabebwa na wale wasiolipwa. Namfahamu kijana mmoja, mpangaji wa jirani yangu, aliyechezea timu moja ya daraja la juu. Kwa miezi minne mkewe alichukua maharage na mafuta ya taa kwa mkopo. Mwenye duka alimvumilia kwa kuwa jina la mumewe lilikuwa likitajwa redioni. Jina halilipi deni. Mwishowe mama yule aliuza cherehani yake, ndipo akalipa. Huyo ndiye aliyekuwa mdhamini wa timu, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye jezi.

Mzazi aulize nini kabla ya saini?

Wakati wakubwa wanaendelea kuzungumza juu ya sheria, mzazi mwenye kijana hodari anaweza kujilinda hivi leo. Zifuatazo ni kanuni za shirikisho la dunia, FIFA, na hazibagui nchi.

Mkataba wa mchezaji wa kulipwa ni lazima uwe wa maandishi. Ombeni nakala, na muisome katika lugha mnayoielewa. Asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza atafute mwalimu wa kumsomea kabla ya saini, si baada yake.

Kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Kwa mtu mzima, mkataba kwa kawaida hauzidi miaka mitano. Anayewaletea karatasi ya miaka kumi mtoeni nje kwa adabu.

Mkataba uliokwisha kutiwa saini hauwezi kuwekewa sharti kwamba utakuwa halali tu iwapo vipimo vya daktari vitakuwa vizuri. Vipimo vifanywe kwanza, saini ifuate.

Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, mchezaji anayo haki ya kuuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa muda wa siku zisizopungua 15 ili ilipe. Barua hiyo itunzwe pamoja na ushahidi kwamba ilipokewa. Malalamiko ya mdomo hupeperuka.

Mwisho, ulizeni juu ya kuumia: nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea kwa muda gani? Ulizeni pia kama michango ya uzeeni hupelekwa. Mguu wa mchezaji ni jembe lake, na jembe huvunjika. Msimwache kijana aache shule kabisa kwa sababu ya mkataba wa mwaka mmoja. Asubuhi mazoezi, mchana kitabu, hilo linawezekana na wengi wamelifanya.

Kupanga ni kuchagua. Wamarekani wanagombana juu ya mamilioni, na wataendelea kugombana, kwani penye asali hapakosi nyuki. Sisi tuanze na lililo karibu: kila klabu iahidi inachoweza, ilipe ilichoahidi, na ilipe kwa tarehe yake. Siku shirikisho, wilaya na klabu zitakapoliafiki jambo hilo na kulitia katika sheria, swali la kikomo litakuwa limejibiwa zaidi ya nusu, na mke wa mchezaji atakwenda sokoni Kamembe na fedha yake mkononi kama mke wa mfanyakazi mwingine yeyote.